Mgeni wa Mwaka wa Pili

Leo twataka kumfikiria mwanafunzi aliyehama kutoka chuo kimoja hadi kingine kabla ya kumaliza masomo. Pengine alikuwa Kisumu au Meru, na sasa amepata nafasi Nairobi. Amekodi chumba huku Huruma au Mlango Kubwa, kwa kuwa kodi ni nafuu, na kila asubuhi hupanda matatu Juja Road.

Shida yake si ile ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wale hufika pamoja, wote wamepotea, wakiulizana karo hulipwa dirisha gani, na katika kupotea huko hupata marafiki. Huyu wetu amefika mwaka wa pili. Makundi ya kusoma yamekwisha kuundwa, viti vina wenyewe, na wenzake wanachekea mambo ya mwaka jana asiyoyajua. Hakuna amchukiaye, ila hakuna amhitajiye. Basi huanza kukosa somo moja, halafu juma zima, na wazazi nyumbani hawana habari.

Jumapili huja kanisani. Twamwomba asimame pamoja na wageni, ataje jina lake na atokako, twapiga makofi, naye aketi. Desturi hii ni njema, wala hatusemi iachwe. Lakini makofi hayafiki Jumatatu.

Someni Matendo ya Mitume, sura ya 9. Sauli alifika Yerusalemu akitaka kuwa pamoja na waamini, nao wakamkwepa kwa hofu. Barnaba hakuhutubu juu ya ukarimu. Alikwenda naye mpaka kwa mitume, akamweleza kwao. Tena katika sura ya 11, kazi ilipozidi Antiokia, alisafiri hadi Tarso kumtafuta Sauli huyo huyo, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Kwanza alimpa mtu wa kwenda naye, kisha akampa kazi.

Hapa Mathare jambo hili lajulikana hata nje ya kanisa. Chama cha michezo cha vijana, Mathare Youth Sports Association, kilianza mwaka 1987, nacho kiliweka utaratibu kwamba timu hupata pointi si kwa kushinda mechi tu, bali pia kwa kuzoa takataka na kuzibua mitaro. Wengi hukikumbuka chama hicho kwa ajili ya Mathare United, mabingwa wa Kenya mwaka 2008. Sisi twalipenda zaidi lile koleo. Kijana aliyehamia juzi huenda hajui kupiga chenga, lakini hawezi kusukuma mkokoteni wa taka na mwenzake asubuhi nzima wasijuane majina.

Wewe mwanafunzi unayetusikiliza, usingoje kualikwa. Ibada ikiisha, shika benchi upande mmoja. Nenda katika umoja wa Wakristo chuoni mwako, uulize ni nani abebaye vyombo vya muziki, ukambebee. Chagua kazi moja, si tano. Mwenye kamati nne huwa hana rafiki hata mmoja. Wala usiwaeleze kila siku jinsi chuo chako cha kwanza kilivyokuwa bora, maana hilo huchosha watu upesi. Utaona haya majuma kadhaa. Endelea kwenda.

Nanyi wazee, akina mama na vijana wa kwaya, Jumapili hii mmoja wenu amfuate mgeni mlangoni, amwulize anakaa ploti gani, na Jumamosi ampitie waje pamoja kufagia kanisa. Akichelewa, mngojeeni.

Na tuombe. Ee Bwana, usiku huu yuko kijana katika chumba kimoja cha Huruma ambaye hajaitwa kwa jina lake tangu Jumapili. Mtume mmoja wetu akabishe mlango wake. Amina.