Tumbo la Mtoto na Mafuta Katika Damu

 

Mtoto akishikwa na tumbo, wengi wetu huwaza minyoo, ameba au taifodi. Pengine huwa ni hayo. Lakini liko tumbo lingine, lisiloonekana sana, ambalo likicheleweshwa nyumbani laweza kuua.

Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Hilo hutengeneza maji ya kusaga chakula, na pia insulini inayodhibiti sukari. Likifura ghafla, maji hayo huanza kulisaga kongosho lenyewe. Mtoto huumwa sana sehemu ya juu ya tumbo, pengine hadi mgongoni. Hutapika tena na tena, hukataa chakula, na hujikunja akiogopa kuguswa. Mchanga asiyejua kusema hulia bila kunyamazika na kukataa titi.

Vyanzo ni vingi: kugongwa tumboni na usukani wa baisikeli, matubwitubwi, dawa fulani, mawe ya nyongo. Leo nashika kimoja tu, mafuta yaitwayo trigliseridi yakizidi mno katika damu. Yakipita miligramu 1,000 kwa desilita moja, kongosho limo hatarini. Kisukari kisichotibiwa huweza kuyapandisha hivyo. Watoto wengine huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha kuondoa mafuta kwenye damu. Huwa wamerithi kasoro kwa baba na kwa mama, ingawa wazazi wenyewe ni wazima. Kwa hiyo mama, usikubali kulaumiwa kwamba ulimlisha vibaya. Na si lazima mtoto awe mnene. Wengi wao ni wembamba.

Dalili huonekana hata kabla ya maumivu. Tazama vipele vidogo vya rangi ya manjano kwenye makalio, viwiko na magoti. Tena, damu yake ikitolewa huwa nyeupe-nyeupe kama iliyochanganywa na maziwa, na ikikaa, juu hutanda kitu kama malai. Ukiambiwa hivyo na mtu wa maabara, usiondoke kabla daktari hajajua. Mafuta hayo huweza kuvuruga kipimo cha kongosho kiitwacho amilesi, kikasoma sawa na mtoto yu mgonjwa.

Maumivu ya namna hii ni ya hospitali, usiku huohuo. Usimpe dawa ya minyoo wala miti shamba, wala usimlazimishe kula. Huko atatiwa maji kwa mshipa na kupewa dawa ya maumivu.

Akirudi nyumbani, kazi kubwa iko jikoni. Kwa mtoto aliyezaliwa na tatizo hili, mafuta yote hupunguzwa sana, na hapa wengi hukosea: mafuta ya mboga nayo ni mafuta. Chapati, mandazi na viazi vya kukaanga vitamrudisha wodini. Ugali, maharage ya kuchemsha, samaki wa kuchemsha na maziwa yaliyoondolewa malai vinamfaa. Soda na peremende zipunguzwe, maana sukari nyingi nayo huongeza trigliseridi. Anayenyonya, usimwachishe kwa uamuzi wako. Daktari na mtaalamu wa lishe watakuelekeza kuhusu maziwa maalum.

Ndugu zake wa tumbo moja nao wapimwe damu, hata kama wanacheza uwanjani bila shida yoyote.