Mkanda wa Video kama Mswada: Filamu za Kutisha na Bunilizi za Kisayansi Zinapoingia Nyumbani





1.0 Utangulizi

Bila shaka wapo miongoni mwenu waliosoma tangazo la mada hii wakajiuliza: mikanda ya video ya filamu za kutisha ina uhusiano gani na taaluma za Kiswahili? Swali hilo ni la haki. Katika ukumbi kama huu tumezoea kusikia habari za tenzi, za riwaya, za sarufi na za kamusi. Hata hivyo, nimekuja na hoja mbili. Kwanza, filamu inapotolewa ili itazamwe nyumbani, huacha kuwa tukio la usiku mmoja na huwa matini. Matini huwa na nakala, nakala hutofautiana, na penye nakala zinazotofautiana ndipo anapohitajika mhakiki wa matini. Pili, ziko matini za Kiswahili ambazo hazikuandikwa popote, bali zimo ndani ya mikanda peke yake, na mikanda hiyo inaharibika. Hoja ya kwanza nitaijenga kwa mifano ya ng'ambo, kwa kuwa huko ndiko kazi hii ilikofanywa kwa kina. Hoja ya pili inatuhusu sisi.

2.0 Kutoka Tukio hadi Matini

Kabla ya mkanda wa video, mpenzi wa sinema alifanana na msikilizaji wa ngano. Alikwenda mahali palipopangwa, kwa saa iliyopangwa, taa zikazimwa, hadithi ikapita, naye akarudi nyumbani na kumbukumbu tu. Hali hiyo ilianza kubadilika pale kampuni ya Sony ilipotoa deki ya Betamax mwaka 1975, nayo JVC ikatoa VHS mwaka 1976. Studio za Marekani ziliiona deki kuwa adui. Kesi ya Universal dhidi ya Sony ilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ambayo mwaka 1984 iliamua kuwa mtu kurekodi kipindi cha televisheni ili akitazame baadaye nyumbani kwake hakuvunji sheria. Baada ya hapo studio zilezile zikageuka kuwa wauzaji wakubwa wa mikanda. DVD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, na Blu-ray ikafuata mwaka 2006.

Lililo muhimu kwetu si chombo, bali uwezo aliopewa mtazamaji. Alipata uwezo wa msomaji: kusimamisha, kurudi nyuma, kuruka ukurasa, kulinganisha. Tanzu zilizofaidika mno na uwezo huo ni filamu za kutisha na bunilizi za kisayansi, kwa kuwa hujengwa juu ya kitu kinachofichwa, kama kiumbe kinachopita gizani kufumba na kufumbua, au mji wa kesho unaoonekana kwa mbali tu. Tena, tanzu hizi zilidharauliwa na wahakiki wengi kwa miaka mingi, na waliozitunza ni wapenzi wake. Mpenzi anayenunua filamu ileile mara tatu, kwa mkanda, kisha kwa DVD, kisha kwa Blu-ray, huchekwa na jirani zake. Lakini tukimtazama vizuri tutaona kuwa anachonunua ni tofauti iliyopo baina ya toleo na toleo. Bila ya kujua, anafanya kazi ya mhariri wa miswada.

3.0 Mifano Mitatu

Mfano wa kwanza ni Metropolis ya Fritz Lang, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwezi Januari 1927. Ilipoonyeshwa ilikuwa na urefu wa zaidi ya saa mbili na nusu. Muda si mrefu ikakatwakatwa, Marekani na hata Ujerumani kwenyewe, na sehemu zilizoondolewa zikadhaniwa zimepotea moja kwa moja. Mwaka 2008 ilitangazwa kuwa nakala ya milimita 16, iliyokaribia kuwa kamili, imepatikana katika jumba la makumbusho ya sinema mjini Buenos Aires, Argentina. Picha zake zilikuwa zimejaa mikwaruzo. Wahariri waliziingiza zikiwa bado na mikwaruzo, na mpangilio wa matukio wakausahihisha kwa msaada wa nota za muziki uliotungwa na Gottfried Huppertz kwa ajili ya filamu hiyo. Toleo lililorejeshwa lilionyeshwa Berlin mwaka 2010, na mwaka huohuo likatolewa kwa diski. Mtazamaji wa leo, akiona mikwaruzo, hujua papo hapo kuwa hapa ndipo palipokuwa na pengo. Huo ni uhariri wenye uaminifu: kuziba pengo bila ya kuficha kiraka.

Mfano wa pili ni Blade Runner ya Ridley Scott. Ilipotoka mwaka 1982 haikufanya vizuri katika majumba ya sinema, na sehemu kubwa ya sifa yake ilikuja baadaye, watu walipoitazama majumbani. Toleo la 1982 lilikuwa na sauti ya mhusika mkuu akisimulia, na mwisho wa furaha. Toleo la 1992 liliondoa vyote viwili, na likaingiza ndoto fupi ya mnyama mwenye pembe moja, ndoto inayotufanya tushuku kama mhusika mkuu ni binadamu kweli. Mwaka 2007 likaja toleo ambalo Scott alilisimamia kikamilifu, na katika mwaka huo kisanduku kimoja cha diski kiliuzwa kikiwa na matoleo matano ya filamu hiyo moja. Je, ipi ndiyo Blade Runner? Anayejibu kwa haraka kuwa ni ile ya mwisho aliyoipenda mtunzi, na afikiri tena. Waliolia na kustaajabu mwaka 1982 waliona nyingine, na historia ya upokezi wa kazi hiyo haiwezi kuandikwa bila ya ile ya kwanza.

Mfano wa tatu ni Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968. Msambazaji alipobadilisha jina la filamu, tamko la hakimiliki lililokuwa pamoja na jina la awali halikurudishwa. Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo, filamu ikawa mali ya umma. Zilipokuja deki, kila mwenye mtambo wa kunakili aliweza kuitoa, na ikazagaa katika nakala hafifu zisizo na hesabu. Mwaka 2016 ilionyeshwa nakala iliyorejeshwa kutoka katika negativu ya asili, nayo ikatolewa kwa diski mwaka 2018. Hapa tunajifunza mambo mawili yanayovutana: wingi wa nakala uliiokoa filamu isisahaulike, na wingi huohuo uliichafua.

Mambo haya si mageni kwetu. Beti za Al-Inkishafi hutofautiana kwa idadi na kwa mpangilio kati ya mswada na mswada. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikusanywa na William Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, yakachapishwa na William Hichens mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi. Mapengo, matoleo mengi na nakala chafu ndiyo matatizo tuliyolelewa nayo. Mhariri wa Metropolis na mhariri wa utenzi ni watani wa kazi moja.

4.0 Kilichopotea Uzunguni Kikapatikana Jos

Kabla sijarudi nyumbani, naomba nipite Nigeria. Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilifuta au kuharibu vipindi vingi vya miaka ya 1960, vikiwemo vya mfululizo wake wa bunilizi ya kisayansi, Doctor Who. Nakala za filamu zilikuwa zimeuzwa kwa vituo vya televisheni vya nchi nyingine. Mwezi Oktoba 2013 ilitangazwa kuwa vipindi tisa vilivyokuwa vimepotea tangu zamani vimegunduliwa katika kituo cha televisheni mjini Jos. Hadithi moja ilikamilika, nyingine ikabakiwa na pengo la kipindi kimoja, na zote mbili zikatolewa kwa DVD. Tumezoea kuambiwa kuwa urithi wetu umehifadhiwa London. Hapa urithi wa London ulikuwa umehifadhiwa Afrika, rafuni, kwa sababu tu hakuna aliyeutupa.

5.0 Mikanda Yetu

Sasa tuitazame hali yetu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, lakini deki zilikuwa zimetangulia kuingia majumbani na katika mabanda ambayo baadaye yalikuja kuitwa vibanda umiza. Humo ndimo lilimozuka jambo la ajabu katika historia ya lugha yetu: wasimulizi waliozitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, sauti zao zikarekodiwa juu ya sauti ya asili na kuuzwa kwa mikanda. Aliyevuma kuliko wote ni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Msimulizi wa aina hii hatafsiri maneno peke yake. Hueleza, hutabiri, hutania, humkemea mhusika na humwonya mtazamaji. Kanuni za fanani na hadhira tunazozifundisha katika somo la fasihi simulizi zimo humo zote.

Zaidi ya hayo, filamu ya kutisha humtia msimulizi katika mtihani wa istilahi. Chukueni yule mfu anayetoka kaburini kunyonya damu. Je, aitwe mnyonya damu, ambalo ni maelezo tu? Aitwe vampaya, kwa kukopa? Au aitwe mumiani, neno lenye asili ya Kiajemi lililokuwa jina la dawa, kisha likabeba hofu ya watu waliodaiwa kuwinda damu za wenzao enzi za ukoloni? Chukueni pia wafu wa Romero. Wepesi wetu ungetutuma tuwaite misukule. Lakini msukule ana bwana wake. Amechukuliwa kwa uchawi ili atumikishwe, na jamaa zake wamezika kisichokuwa yeye. Wafu wa Romero hawana bwana wala shamba la kulima. Neno moja likichaguliwa, hofu ya Pennsylvania hugeuka kuwa hofu ya Sumbawanga, na maana ya filamu hubadilika. Wasimulizi walilazimika kuamua mambo kama hayo papo hapo, mbele ya kipaza sauti. Maamuzi yao ni ushahidi wa kileksika usiopatikana katika kamusi yoyote, na hauna makao mengine ila mkanda.

Mwaka 1992, nchini Nigeria, filamu ya Living in Bondage ilitolewa moja kwa moja kwa mkanda wa video na kuonyesha kuwa filamu yaweza kuishi bila ya jumba la sinema. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Dar es Salaam nayo ikapata filamu zake za kutisha, zikiwemo Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi. Hizi hazikuwa na maisha mengine kabla ya mkanda. Metropolis ilikuwa na jumba la sinema, magazeti, nota za muziki na negativu. Filamu zetu zilizaliwa mkandani, na mkanda ukifa hakuna pa kuanzia.

6.0 Pingamizi na Wajibu

Yapo mapingamizi mawili ninayoyasikia. La kwanza ni kuwa kazi hizi ni duni, zimejaa ushirikina, hazistahili maktaba. Napenda kukumbusha kuwa katika hazina za miswada ya Waswahili zimo pia karatasi za uganga na za falaki, na hakuna mtafiti anayezichoma. Tunazihifadhi kwa kuwa zinatuambia watu waliogopa nini na walijikinga vipi. Mkanda wa kutisha unatuambia hayohayo kuhusu wazazi wetu na kuhusu sisi.

La pili ni la hakimiliki, nalo ni zito zaidi. Filamu nyingi zilizosimuliwa zilinakiliwa bila ya idhini ya wenyewe. Silipuuzi. Hata hivyo, kuhifadhi ni jambo moja na kuuza ni jambo jingine, na sauti ya msimulizi ni kazi ya ubunifu inayostahili jina la mwenyewe kando yake.

Muda hautusubiri. Utepe wa sumaku hupoteza nguvu kadiri miaka inavyopita, hushika ukungu kwa unyevu wa pwani, na mara nyingi ulirekodiwa juu yake kitu kingine, harusi au mpira. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuunda deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo mwaka 2016. Deki zilizobaki ndizo zilizobaki.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wetu wa uzamili wafanye kwa mikanda yale ambayo wakusanyaji wa miswada walifanya kwa karatasi: watafute nakala zaidi ya moja, waorodheshe jalada, mwaka, msambazaji na sehemu, kwa kuwa sehemu ya 1 na ya 2 mara nyingi ziliuzwa mbalimbali, wanukuu maneno ya msimulizi neno kwa neno, walinganishe nakala na nakala, na palipo na pengo, waseme pana pengo. Wawaendee pia wasimulizi na waongozaji wangali hai, kama Taylor alivyomwendea Mwalimu Sikujua.

7.0 Hitimisho

Mwaka 1970 J. W. T. Allen alichapisha orodha ya hazina ya Kiswahili na Kiarabu iliyokuwamo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina la orodha hiyo linataja vitu viwili bega kwa bega: miswada na tepu. Tepu hizo zilikuwa za sauti, nazo ziliwekwa pamoja na miswada kwa sababu aliyeorodhesha alitambua kuwa neno la Kiswahili ni neno la Kiswahili, liwe limeandikwa kwa wino au limeshikwa na sumaku. Mlango huo basi umekwisha kufunguliwa na waliotutangulia. Kilichobaki ni sisi kuingia na mikanda yetu mkononi, kabla haijawa plastiki tupu.