Kujifunza Kupanda Mawimbi kwa Gharama Ndogo

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama)



Katika Wilaya ya Rungwe, ambako mtu huamka akiuona mlima, si ajabu katibu akashangaa anapoletewa na vijana ombi la fedha za kununulia ubao wa kupandia mawimbi. Kamati ikisomewa ombi hilo huenda ikacheka, kisha ikaendelea na ajenda nyingine. Lakini ombi lina asili yake. Vijana wa Msasani, Tukuyu, huenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na huko hukuta Msasani nyingine iliyo kwenye rasi, kando ya bahari. Jumapili hufika ufuko wa Coco, huyatazama mawimbi yakivunjika, na baadhi yao huingiwa na hamu.

Katika mchezo huu mtu hulala kifudifudi juu ya ubao, hupiga maji kwa mikono, na wimbi likimfikia humsukuma. Naye husimama na kuteleza nalo kuelekea pwani. Watu wa Hawaii wameucheza tangu zama za kale, na mwaka 2021, huko Tokyo, uliingia katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza. Afrika nayo haikuwa nyuma. Katika miaka ya 1830 msafiri mmoja kutoka Uingereza aliwaona wavulana wa Accra wakiogelea na mbao nyepesi chini ya matumbo yao, wakilingoja wimbi na kurudi nalo nchi kavu. Wavulana wale hawakuwa na duka la vifaa. Walikuwa na kipande cha ubao, na walijua kuogelea.

Hapo ndipo hesabu ya mwanafunzi mwenye fedha chache inapoanzia. Wengi huanza na bei ya ubao, na hilo ni kosa, kwa kuwa ubao ndio wa mwisho kununuliwa.

Kwanza ni kuogelea. Ubao hufungwa mguuni kwa kamba, na asiyejua kuogelea hudhani kamba hiyo ndiyo mlinzi wake. Kamba ikikatika, ubao huenda zake, na mtu hubaki na kile alichojifunza. Kuogelea hakuhitaji fedha nyingi. Huhitaji maji matulivu yasiyozidi kifua, mwalimu anayejua, na subira. Mwaka 2016 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kijini, Zanzibar, walifundishwa kuogelea na kuokoana katika bahari ya Muyuni. Darasa lao lilikuwa bahari yenyewe.

Kwa watu wa Rungwe, mahali pa kujifunzia pachaguliwe kwa uangalifu. Mito ya wilaya hii ina baridi na kasi, na maziwa ya kreta kama Kisiba hayamfai mgeni wa maji, kwa maana kina huja ghafla. Ufuko wa mchanga wa Matema, wilayani Kyela, unafaa zaidi, lakini wavuvi waulizwe kwanza habari za mamba, na waganga wa zahanati waulizwe habari za kichocho. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilometa 550, na upepo wa mwera unapovuma kutoka kusini huyasukuma maji hadi ncha ya kaskazini, ambako Matema ipo. Siku hizo ziwa hufanya mawimbi ya kweli. Mwanafunzi atumie siku za utulivu. Mawimbi ni ya yule aliyekwisha kuhitimu kuogelea.

Pili ni mazoezi ya nchi kavu, nayo hayana gharama yoyote. Mtu huchora umbo la ubao ardhini, hulala juu yake, huweka viganja kando ya kifua, hujisukuma na kusimama kwa mara moja, miguu ikiwa imeachana na magoti yamekunjwa. Hurudia mpaka mwili uzoee. Hayo yanaweza kufanyika katika kiwanja chochote cha Msasani.

Tatu ni kuazima au kukodi. Mwanafunzi hufaa ubao laini wa sponji, mpana, wenye urefu wa futi 8 au zaidi, kwa kuwa huelea vizuri na haumuumizi sana ukimgonga. Ubao mfupi na mwembamba ni wa fundi. Anayeununua kwa kuwa ni rahisi hupoteza fedha yake na muda wake. Aanzie maji ya kiunoni, penye mchanga na si penye miamba, akipanda mapovu ya wimbi lililokwisha kuvunjika. Akianguka asitangulize kichwa, bali akikinge kwa mikono. Na mkondo ukimvuta kuelekea kilindini asishindane nao. Aogelee sambamba na pwani mpaka atoke ndani yake, ndipo arudi.

Nne ni kununua, na hapa ushirika una neno lake. Mwaka 1844 watu 28 wa Rochdale, Uingereza, walichanga paundi moja moja wakafungua duka lao. Vijana 12 hawahitaji mbao 12. Mwanafunzi huchoka mikono upesi, na anapopumzika mwenzake huingia majini, huku wengine wakiwaangalia walio majini. Kwa hiyo ununuzi wa pamoja hupunguza gharama, na pia huhakikisha hakuna anayeogelea peke yake. Ubao uandikwe katika daftari la mali, mtunzaji wake ajulikane, na ada ndogo ya kila matumizi itengwe kwa matengenezo.

Basi katibu akiletewa ombi lile, asilitupe wala asiliidhinishe papo hapo. Awaulize vijana swali moja: ni wangapi kati yao wanaojua kuogelea? Kama jibu ni hakuna, fedha ya kwanza iende kwa mwalimu wa kuogelea na nauli ya Matema. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni wajibu wa chama kuhakikisha kwamba anayevua nguo anajua kuoga, na kwamba atarudi kwa mama yake akiwa mzima.