Jina la Mahali Si Hati ya Asili: Akina Farsy na Somo Lao kwa Ngara na Biharamulo



Mada yangu ni majina ya watu. Huenda wapo watakaosema kwamba wilaya zetu mbili zenye haja ya barabara, maji na walimu hazina muda wa mazungumzo ya namna hii. Lakini Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na Biharamulo imekuwa njia ya wasafiri tangu enzi za misafara. Hapa kwetu swali la "wewe ni wa wapi?" lina uzito ambao halina Dodoma au Morogoro. Mara nyingi anayeuliza hangojei jibu. Hutazama jina, akahukumu.

Jioni hii nataka tulipime zoea hilo kwa jina lililotoka mbali na kwetu, ili tuweze kuhukumu bila hasira. Jina lenyewe ni Farsy, au kwa Kiarabu al-Farisi, yaani mtu wa Uajemi. Ni jina linalotaja mahali waziwazi kabisa. Tuone basi linatuambia nini juu ya waliolibeba.

Desturi ya kumtaja mtu kwa alikotoka

Kwa desturi ya Waarabu, baada ya jina la mtu, la baba na la babu, hufuata nisba. Nisba inaweza kutaja kabila. Snay bin Amir al-Harthy, mfanyabiashara wa Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, ambaye alifika Karagwe na Buganda katika miaka ya 1850, alibeba jina la kabila lake la Oman. Nisba inaweza pia kutaja mji au nchi: al-Baghdadi wa Baghdad, al-Shirazi wa Shiraz, al-Barawi wa Barawa katika pwani ya Somalia.

Nisba ya mahali ina kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: humshika mtu aliyeondoka. Ndani ya Barawa kila mtu ni wa Barawa, na kumwita mtu al-Barawi hakumtofautishi na jirani yake. Sheikh Uways bin Muhammad, aliyezaliwa huko mwaka 1847, alipata maana ya kuitwa al-Barawi alipokwenda kusoma Baghdad, kisha alipofika Unguja katika miaka ya 1880 akiieneza tarika ya Qadiria. Tarika hiyo nayo inajinasibisha na Abdul Qadir al-Jilani, mzaliwa wa Gilan huko Uajemi, aliyeishi na kufia Baghdad mwaka 1166. Waswahili wa pwani walifanya vivyo hivyo kwa wageni wao. Waarabu wa Hadhramaut waliokuja kufanya biashara ndogondogo waliwaita Washihiri, kwa jina la mji wa bandari wa Shihr, hata kama wengi wao walitoka mabondeni, siku kadhaa za safari kutoka baharini.

Kwa hiyo jina la mahali huanza kama kumbukumbu ya safari. Tatizo huja pale linaporithiwa. Mtoto hulipokea bila kusafiri, na mjukuu hulibeba kama ushahidi wa nchi asiyoijua.

Waliobeba jina la Uajemi

Wa kwanza kwa umaarufu ni Salman al-Farisi, sahaba wa Mtume Muhammad. Sira humtaja kuwa ndiye aliyeshauri lichimbwe handaki kuilinda Madina katika vita vya Khandaq, mwaka 627. Katika masimulizi yanayojulikana zaidi, alizaliwa karibu na Isfahani, nje ya jimbo la Fars lenyewe. Waarabu walimwita Mfarsi kwa maana pana ya Mwajemi. Alihama dini, akahama nchi, akauzwa utumwani, akakombolewa, na mwishowe akawa mtawala wa Madain, Iraki. Jina lake linataja mahali pamoja; maisha yake yalipita mahali pengi.

Wa pili ni Abu Ali al-Farisi, aliyefariki Baghdad mwaka 987. Huyu kweli alizaliwa Fasa, ndani ya Fars. Basi mtu angetarajia awe bingwa wa Kiajemi. Kumbe alikuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa sarufi ya Kiarabu, na mwanafunzi wake Ibn Jinni, aliyekuwa mwana wa mtumwa wa Kigiriki, akawa bingwa kama mwalimu wake. Lugha ya Waarabu ilichambuliwa kwa kina na Mwajemi pamoja na mtoto wa Mgiriki.

Wa tatu ni Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki karibu mwaka 1319. Mwalimu wake, Qutb al-Din, naye alikuwa na nisba ya mji, al-Shirazi. Kamal al-Din alichukua tufe la kioo, akalijaza maji, akaangalia jinsi mwanga unavyopinda na kurudi ndani yake, na kwa njia hiyo akaeleza rangi za upinde wa mvua. Ugunduzi huo haukuhitaji damu ya Kifarsi. Ulihitaji kioo, maji, mwalimu mzuri na subira.

Sasa tuvuke bahari tuje kwetu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alikuwa mwalimu wa shule, akawa Kadhi wa Zanzibar mwaka 1960, na tangu 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya kwa zaidi ya miaka kumi. Alifariki Maskati mwaka 1982. Aliandika kitabu juu ya Seyyid Said bin Sultan, na kingine juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, ambacho mtafiti wa Uislamu wa pwani hawezi kukikwepa. Kazi iliyomfikisha kila mahali ni tafsiri yake ya Qurani Takatifu kwa Kiswahili, iliyotoka kamili Nairobi mwaka 1969. Kabla yake palikuwa na tafsiri ya mmisionari wa Kianglikana, Godfrey Dale, ya mwaka 1923, na ya Waahmadiyya ya mwaka 1953. Sheikh Farsy hakuridhika nazo, na katika kazi yake aliwajibu Waahmadiyya hoja kwa hoja.

Jina hilohilo limo pia katika fasihi yetu. Muhammad Saleh Farsy ndiye mtunzi wa Kurwa na Doto, iliyochapishwa mwaka 1960, hadithi ya pacha wawili na maisha ya kijiji cha Unguja. Shaaban Saleh Farsy alikusanya methali na vitendawili vya Zanzibar, vikachapishwa mwaka 1958. Huko Saudi Arabia, Fuad al-Farsy alikuwa waziri wa habari kuanzia mwaka 1995. Sijui njia ya kuwaunganisha hawa wote isipokuwa herufi za jina lao.

Pimeni wenyewe. Jina linasema Uajemi. Sarufi tuliyoipata kwa Abu Ali ni ya Kiarabu. Tafsiri, hadithi na methali tulizozipata kwa akina Farsy wa Unguja ni za Kiswahili, na Kiswahili hicho ndicho tunachokisoma hapa Ngara na Biharamulo. Aliyewaona kuwa Waajemi kwa sababu ya jina angekosa kila kilicho muhimu juu yao.

Bombay katika Usui

Nchi yetu nayo imepitiwa na mtu mwenye jina la mahali. Mwaka 1861, wasafiri Wazungu John Hanning Speke na James Grant walipita Usui, yaani Rusubi, nchi ambayo leo imo kwa sehemu kubwa katika Biharamulo, wakielekea Karagwe kwa mtawala wake, Rumanika. Mtawala wa Usui, Suwarora, alitoza hongo nzito, yaani ushuru wa kupita, na hakukubali kumpokea Speke ana kwa ana. Katika mashauriano ya siku hizo, mtu ambaye Wazungu hawangeweza kusafiri bila yeye alikuwa Sidi Mubarak Bombay.

Bombay alikuwa Myao. Alitekwa utotoni, akauzwa, akavushwa hadi India. Bwana wake alipofariki alirudi Afrika akiwa huru, na jina la mji wa Kihindi likamganda maisha yote. Alisafiri na wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke, baadaye na Stanley na Cameron, na mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikamtunuku nishani ya fedha. Aliyesoma jina lake bila kujua habari zake angemwita Mhindi. Na angekuwa amekosea kuhusu kabila lake, mahali alipozaliwa na sababu ya kufika India, vyote kwa pamoja. Jina hilo lilihifadhi jambo moja la kweli, nalo ni kwamba aliwahi kupelekwa mahali ambapo hakuchagua kwenda.

Mahali penyewe huhama

Tuseme basi tunaamini jina la mahali. Je, mahali hapo panatulia? Mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, ulipopewa jina la Kagera baada ya vita na Uganda. Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo hadi ilipokuwa wilaya mwaka 2005; mwaka 2012 ikaingia mkoa mpya wa Geita. John Pombe Magufuli aliingia bungeni mwaka 1995 kwa jimbo la Biharamulo Mashariki, akaendelea kwa jimbo la Chato, naye hakuhama nyumbani. Mpaka ndio uliohama. Bugufi nayo, iliyomo Ngara, kabla ya mipaka ya wakoloni ilikuwa karibu zaidi na Burundi kuliko na pwani yoyote ya Tanganyika, na lugha ya huko, Kihangaza, hadi leo inasikilizana na Kirundi.

Huko Oman, waliorudi kutoka Afrika Mashariki wanaitwa Wazanzibari, hata kama wazee wao waliishi Tabora, Burundi, Rwanda au Kongo na hawakuwahi kukaa Unguja hata mwaka mmoja. Na huko Zanzibar, wakulima na wavuvi walijiita Washirazi, kwa jina la mji wa Kiajemi, hadi jina hilo likaingia katika chama cha Afro-Shirazi mwaka 1957. Halikuwa tena swali la nani aliwahi kukanyaga Shiraz. Lilikuwa limekuwa jina la wenyeji wanaodai haki katika nchi yao.

Majina yetu na fomu za serikali

Kwetu desturi ilikuwa nyingine. Kwa Warundi, Wanyarwanda na majirani zao, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, linaloeleza hali ya nyumba, dua ya wazazi au tukio la wakati huo. Ndugu wa tumbo moja wanaweza wasishiriki jina hata moja. Fomu za serikali hazikubuniwa kwa desturi hiyo. Zinataka jina la kwanza, la kati na la ukoo, na asiyekuwa na la ukoo huandika la baba au la babu. Karani akisoma jina lenye sauti ya Kirundi, hudhani amesoma uraia.

Dhana hiyo haina msingi katika sheria. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inatambua uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Haitaji sauti ya jina popote. Na taifa hili limewahi kuonyesha ukarimu mkubwa: mwaka 2014 ilitangazwa kwamba Warundi zaidi ya 160,000, wakimbizi wa mwaka 1972 na vizazi vyao, wamepewa uraia. Ni Watanzania kamili.

Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, wakati wa Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, maelfu ya watu waliondoka Kagera, Kigoma na Geita. Miongoni mwao walikuwemo walioishi hapa miongo mingi, na wengine waliosema hawajui nchi nyingine. Ulinzi wa mpaka ni wajibu wa dola, na sisi tulioona umati wa wakimbizi wa Rwanda ukivuka Rusumo mwezi Aprili 1994 tunaujua uzito wa mpaka. Ninachokipinga ni kukipa cheo cha ushahidi kitu kisichoweza kushuhudia. Wazee husema mkataa kwao ni mtumwa. Methali hiyo inamwachia mtu mwenyewe kusema kwao ni wapi. Haikumpa jirani yake kazi hiyo.

Hitimisho

Hoja yangu ni hii. Jina la mahali linaweza kutueleza kwamba safari ilifanyika. Haliwezi kutueleza nani alisafiri, lini, kwa hiari au kwa kamba shingoni, wala moyo wake uko wapi leo. Hayo yanapatikana kwa kuuliza, kusikiliza na kuandika.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Walimu wa historia wa shule zetu za sekondari wawape wanafunzi kazi ya kuandika habari za majina ya koo zao, kwa maneno ya wazee wao, wakianzia kwa Wahangaza, Washubi, Wasubi na Wazinza, bila kuziacha familia za Waswahili, Waarabu na Wahindi waliofika na biashara. Watendaji wa vijiji na maofisa wanaoshughulikia uraia waulize ushahidi wa kuzaliwa na wa wazazi, na wasitegemee namna jina linavyotamkika. Na sisi wengine, tunapokutana na mgeni sokoni Ngara au stendi ya Biharamulo, tumuulize anafanya nini kabla ya kumuuliza katokea wapi. Sheikh Abdallah Saleh Farsy tunamkumbuka kwa alichokiandika, na kila raia wa wilaya hizi anastahili kupimwa kwa kipimo hichohicho.