Tuamue Kabla ya Njaa: Namna ya Kukabili Vishawishi vya Chakula vya Kila Siku



Mmefika katika banda letu hapa Nzuguni, katika maonesho haya ya Nanenane. Tunajua mmefika kwa kupita njia yenye mitihani. Toka getini hadi hapa kuna vikaango vya chipsi, majiko ya mishikaki, soda zilizolazwa kwenye barafu, na pipi zilizotundikwa usawa wa macho ya mtoto. Mzazi aliyepita hapo akiwa na njaa, na mtoto akimvuta mkono, hana haja ya kuelezwa maana ya kishawishi.

Mada yetu inamhusu mtu ambaye amekwisha kuamua kula vizuri, huenda kwa kuwa daktari amemwonya juu ya kisukari au shinikizo la damu. Asubuhi anaazimia, na ifikapo saa kumi jioni azma imevunjika. Wengi hujilaumu kwamba hawana moyo wa uthabiti. Sisi tunaona kasoro iko kwingine: wameacha uamuzi usubiri hadi njaa ifike, na wakati huo kila kilicho karibu kimekwisha kupangwa kiwavutie. Pakiti ndogo huuzwa kwa bei ya sarafu. Biskuti huwekwa pale mnunuzi anaposimama kulipa. Muuzaji anafanya biashara yake halali. Nasi wanunuzi tuna haki ya kujipanga kama yeye alivyojipanga.

Maisha ya Dodoma nayo yamebadilika. Chakula cha nyanda hizi kilikuwa ugali wa uwele au mtama, mlenda, mboga za kukausha, karanga, maziwa ya mgando na ubuyu. Hatusemi kwamba zamani kulikuwa na neema tupu. Wazee wetu walioiona miaka ya ukame watatusahihisha. Lakini walitembea na kulima siku nzima. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, wengi wetu tunatoka nyumbani alfajiri kwenda Mtumba au katikati ya jiji, hatujatia kitu tumboni, kisha tunaketi hadi jioni. Mchana tunakula kilicho karibu na cha haraka, mara nyingi chipsi mayai na soda.

Hebu tupime soda hiyo. Tuchukue chupa ya mililita 350 ambayo lebo yake inaonesha gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa nzima ina gramu 35. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 4, hivyo chupa hiyo ni sawa na vijiko karibu 9. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa katika chakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima anayetumia kilokalori 2,000, hiyo ni gramu 50. Na shirika hilo linaona ni bora zaidi zisizidi gramu 25. Kwa hiyo anayekunywa soda hiyo moja amekwisha kuvuka kiwango kilicho bora, kabla hatujahesabu vijiko vitatu alivyotia katika chai ya asubuhi. Haba na haba hujaza kibaba.

Tunawaomba mjizoeze kusoma lebo mkiwa nyumbani, kwa utulivu, kabla ya kwenda dukani. Kwanza, tazameni kama namba ni za mililita 100, za gramu 100, au za kifungashio kizima. Hapo ndipo wengi hukosea. Pili, someni orodha ya viambato. Kiambato kilicho kingi kwa uzito hutangulia. Kinywaji kinachoanza na maji na sukari, embe likija nyuma kabisa, ni maji ya sukari yenye ladha ya embe. Tatu, tazameni chumvi. Kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko cha chai. Lebo ikitaja sodiamu, zidisheni kwa 2.5 mpate chumvi.

Sasa tuseme yanayowezekana. Usiende sokoni na njaa. Kula kwanza, hata kama ni kiazi kitamu na kikombe cha chai. Andika orodha ya manunuzi, na fedha ya vitafunwa itenge kabla ya kuondoka. Nyumbani, weka matunda na maji mahali panapoonekana, na kile usichotaka kukila kila siku usikinunue kwa akiba. Chipsi zina siku yake: zile Jumamosi, pamoja na familia, kwa kiasi, na kachumbari ya kutosha. Anayejinyima kabisa kwa wiki mbili huzila kwa pupa wiki ya tatu, kisha akakata tamaa na mpango wote.

Lipo jambo gumu zaidi, nalo ni adabu. Kwetu mgeni hupewa soda kwa heshima, na kukataa huonekana ni dharau. Sema mapema, kwa shukrani: "Nimefurahi sana, naomba maji tu." Na wewe mwenyeji, muulize mgeni anapenda kinywaji gani kabla ya kufungua chupa. Nasi hatujasalimika: katika vikao vyetu wenyewe vya ofisi, mezani mlikuwa na soda, maandazi na sambusa, na tukitoka hapo tulikuja kuwafundisha ninyi lishe. Tumeanza kuomba maji, ndizi na karanga. Si kila mara tunapewa, lakini tunaendelea kuomba.

Tukitaja karanga, tutoe tahadhari. Chakula cha asili nacho huhitaji uangalifu. Mwaka 2016 sumukuvu katika nafaka iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga au mahindi yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au kusinyaa, yasiliwe wala yasilishwe mifugo. Kuchemsha na kukaanga hakuiondoi sumu hiyo. Nunueni zilizokauka vizuri na mzihifadhi pakavu, juu ya sakafu na si chini. Vilevile, jihadharini na unga au vidonge vinavyonadiwa kuwa vinaponya kisukari. Mwenye kutumia dawa asiziache wala asibadili kipimo pasipo ushauri wa mtoa huduma wa afya. Mkiona tangazo la namna hiyo, au bidhaa isiyo na lebo inayosomeka, tupeni taarifa.

Ndugu zetu, kuna kina mama hapa wanaopika kwa ajili ya watu wanane, na fedha ya siku haitoshi kuchagua sana. Hatukuja kuwaongezea mzigo. Soda moja isiyonunuliwa inaweza kuwa fungu la mchicha na ndizi za watoto.

Mtakapotoka hapa mtapita njia ileile mliyojia, na harufu itakuwa ileile. Tunaomba kila mmoja, kabla hajanyanyuka kwenye kiti, aamue atanunua nini na hatanunua nini, na amwambie mtoto wake sasa hivi, kabla hawajalifikia jiko la kwanza.