Faili Linapobadilika Lenyewe: Mtafuteni Mwandishi Kabla ya Kumtuhumu Mtu

Mada kwa wafanyabiashara na watumiaji wa huduma za mawasiliano, Mwanza



Tuchukue mfano. Duka la huduma za intaneti jirani na Mwaloni, Kirumba, lina kompyuta sita na seva moja inayotumia Linux, mfumo endeshi wa ukoo wa Unix. Jumatatu asubuhi tovuti hazifunguki. Fundi anafungua faili liitwalo /etc/resolv.conf, anaandika anwani sahihi, na kazi inaendelea. Jumanne asubuhi faili limerudi lilivyokuwa. Jumatano vilevile. Mwenye duka anaanza kumshuku kijana anayefunga duka usiku, kwa kuwa ndiye mwenye nywila. Kabla kijana huyo hajapoteza kazi, tuulize: ni nani hasa aliyeandika?

Faili hilo huielekeza seva mahali pa kuulizia anwani ya kila tovuti. Likikosewa, mtandao upo lakini seva haijui pa kwenda, mithili ya abiria aliyefika stendi ya Nyegezi akakosa wa kumwonyesha basi lake.

Mara nyingi mwandishi wa faili hilo si mtu. Ni programu inayopokea mipangilio kutoka kwenye ruta. Kila seva inapowashwa, programu hiyo huweza kuliandika faili upya na kufuta yaliyoandikwa kwa mkono. Seva ikizimwa usiku, kosa huonekana asubuhi, na lawama humwangukia aliyeizima.

Kwa hiyo, mtakeni fundi afanye yafuatayo mbele yenu:

1. Asome mistari ya juu ya faili. Aghalabu programu iliyoliandika hujitaja hapo, na huonya kwamba mabadiliko ya mkono yatapotea.

2. Atumie amri ya ls -l. Itaonyesha faili lilibadilishwa lini, na kama ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye faili jingine.

3. Alinganishe saa hiyo na kumbukumbu za mfumo, pamoja na orodha ya walioingia inayotolewa na amri ya last. Ikiwa faili hubadilika kila seva inapowashwa, wala hakuna aliyeingia saa hiyo, ushahidi unaielekea programu.

4. Arekebishe mipangilio ya programu hiyo au ya ruta, si faili lenyewe. Wapo wanaolifunga faili lisiandikike. Hilo huficha tatizo: siku mtakapobadilisha mtoa huduma, seva itabaki na anwani za zamani.

Hata hivyo, msipuuze jambo hili. Ikiwa anwani zilizoandikwa si za mtoa huduma wenu, si za ruta yenu, wala hakuna aliyeziweka kwa makusudi, huenda mmeingiliwa. Mwezi Novemba 2011 mamlaka za Marekani zilitangaza kukamatwa kwa wahalifu waliotumia programu hasidi ya DNSChanger, iliyokuwa imeathiri takriban kompyuta milioni 4 katika nchi zaidi ya 100. Ilibadilisha anwani za namna hii na kuwapeleka watumiaji kwenye kurasa wasizozikusudia. Mkishuku hivyo, acheni miamala ya kibenki kwenye kompyuta hizo, badilisheni nywila ya ruta iliyotoka nayo kiwandani, na hifadhini nakala ya faili na kumbukumbu kabla ya kurekebisha chochote. Kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Toeni taarifa Polisi.

Ikiwa chanzo ni anwani zisizofanya kazi zinazotoka kwa mtoa huduma, mlalamikieni yeye kwanza, kwa maandishi, mkitaja tarehe na saa. Msiporidhika, lifikisheni lalamiko Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ina Ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza.

Ndugu zangu, kulirekebisha faili ni kazi ya dakika moja. Kumrudishia heshima mtu aliyetuhumiwa bure ni kazi ngumu zaidi. Someni kumbukumbu kwanza, ndipo mhukumu.