Fedha Iliyofukiwa Uani ni ya Nani?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana mjini Kisii baada ya sala ya Alasiri. Yameandikwa upya kwa wasomaji wa jarida hili la Ramadhan.)



 

Ndugu yangu msomaji, ukichimba shimo la choo nyumbani kwenu ukakuta mkebe umejaa fedha za kale, utafanya nini kwanza? Usinijibu haraka. Nilipouliza swali hili siku ile, vijana walicheka, na mmoja akasema kwa sauti, "Nitanyamaza!" Basi mimi ndivyo nilivyofanya. Nilinyamaza, na tena nilifanya jambo baya zaidi ya kunyamaza, nitakueleza.

Nyumba yetu ya ukoo hapa Kisii ni nyumba kuukuu, ya udongo na mabati, na uani pana mparachichi mkubwa. Babu, Allah amrehemu, aliinunua mwaka 1972. Mwaka jana, mwezi wa Shaaban, baba na ami waliamua kujenga vyumba vya kupangisha pale uani. Binamu yangu akasema kabla fundi hajaanza msingi, tupitishe mashine. Yeye alikuwa amefanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Migori na alikuwa na rafiki mwenye mashine ya kutafutia vyuma, ile ditekta, yenye mpini mrefu na sahani chini.

Wengi wanadhani mashine hii "inanusa" dhahabu. Hapana. Ndani ya ile sahani mna waya uliozungushwa, umeme unapita humo na kutengeneza nguvu ya sumaku inayoshuka ardhini. Ikikuta chuma, shaba au fedha, kile kitu nacho kinaamsha umeme mdogo ndani yake na kurudisha ishara, na mashine inalia. Basi. Haijui thamani. Senti moja na kifuniko cha soda zote ni kelele kwake. Na udongo wetu wa Kisii na Nyamira, huu mwekundu unaokuza chai na ndizi, umejaa madini ya chuma. Usipoirekebisha mashine kwanza kulingana na udongo italia kila unapogusa, utachimba uwanja mzima kama fuko. Sarafu moja peke yake hata ukibahatika huipati mbali zaidi ya shibiri moja hivi kwenda chini.

Siku ya kwanza tulipata misumari karibu kilo nzima, vifuniko vya soda, betri zilizooza, kijiko, kipande cha sufuria na kengele ya baiskeli. Shangazi akatuambia tumpelekee mnunuzi wa vyuma chakavu angalau tupate ya sukari.

Siku ya pili, karibu na mizizi ya mparachichi, mashine ililia kwa sauti nyingine, pana. Tulichimba hadi kwenye kiwiko. Ulikuwa ni mkebe wa bati, umekwisha kwa kutu, ukiugusa unavunjika. Ndani yake rupia za fedha 26 na senti kumi zenye tundu katikati, 19. Zile za tundu zilikuwa zimepangana kama zilitungwa kwenye kamba, lakini kamba yenyewe haipo, imeliwa na udongo.

Mzee mmoja jirani alisema papo hapo: hizi ni za wakati wa Mjerumani. Ni kweli kwamba Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, tarehe 12 wakapigana na askari wa Mwingereza, na baada ya hapo maduka ya mji yakaporwa. Kwa hiyo ilikuwa hadithi nzuri: mwenye duka anafukia pesa, anakimbia, harudi. Lakini nilizisoma zile sarafu moja moja. Nyingi zilikuwa rupia za Kihindi zenye kichwa cha Mfalme George wa Tano, chache za Edward, mbili za Malkia Victoria, na moja iliandikwa 1919. Fedha haiwezi kufukiwa kabla haijatengenezwa. Kwa hiyo mkebe ulifukiwa 1919 au baadaye. Mjerumani hakuhusika.

Wakati ule rupia ya Kihindi ndiyo iliyokuwa fedha halali hapa kwetu. Kodi ya nyumba ililipwa kwa rupia, na babu zetu wa Kisii walitoka kwenda vibarua kuitafuta rupia hiyo. Halafu mwaka 1920 Serikali ikaleta florini, na 1921 ikaleta shilingi, rupia ikaondolewa. Aliyekuwa na rupia zake ardhini na hakuzitoa kwa wakati, alibaki na madini tu. Mimi nadhani mwenye mkebe alikufa au alisafiri katika miaka hiyo. Nadhani tu.

Sasa fitina. Binamu alisema yeye ndiye aliyeleta mashine. Ami alisema uwanja ni wa marehemu baba yake, kwa hiyo ni mirathi, igawanywe kwa sheria, mwanamume hisa mbili, mwanamke moja. Kuna mtu wa Nairobi alipiga simu (alijuaje sijui) akasema atanunua "kwa mamilioni". Ndugu zangu, jihadharini na mamilioni haya ya simu. Rupia moja ya George wa Tano ni gramu 11.66, na karibu gramu 10.7 ni fedha safi, na kwa miaka ya kawaida bei yake haipiti sana bei ya fedha hiyo. Mwingine alikuja na habari ya majini yanayolinda hazina, kwamba achinjwe jogoo mwekundu kwanza. Huyo baba alimwonyesha mlango. Tuko mlangoni mwa Ramadhan halafu mtu anatuitia shirki uani!

Na mimi? Usiku ule wa kwanza, wakati zinahesabiwa, nilichukua rupia moja nikaitia mfukoni. Sikuwa na haja ya pesa. Ilikuwa nzuri tu, nzito, baridi. Nilijiambia ni ukumbusho. Nilisali nayo Taraweh siku tatu, na kila nikisujudu inagonga sakafu. Imamu anasoma, mimi nasikia ile rupia.

Ijumaa nikasoma Suratul Kahf kama kawaida yetu. Nimeisoma tangu nikiwa madrasa, hata naweza kuisoma nikisinzia. Nikafika pale kwenye ule ukuta uliotaka kuanguka, Khidhr akausimamisha bila ujira, kwa sababu chini yake palikuwa na hazina ya mayatima wawili ambao baba yao alikuwa mtu mwema. Nilisimama hapo. Miaka yote nilikuwa nikimfikiria Musa na subira yake. Siku ile nikawafikiria wale mayatima.

Nikaitoa rupia nikampa ami, mbele ya watu. Hakuniambia kitu. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko angenipiga.

Tukaenda kwa ustadh wetu. Binamu alikuwa amesikia kwamba ukipata hazina unatoa khumsi, yaani moja ya tano, nyingine zako. Ustadh akasema hiyo ni rikazi, na hadithi yake ni sahihi, lakini wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wanasema rikazi ni ile iliyofukiwa na watu wa kabla ya Uislamu. Hii yenu imefukiwa jana! Miaka mia ni jana. Mwenyewe ana wajukuu, huenda wanakula futari mtaa wa pili. Hii hukumu yake ni ya kitu kilichookotwa: Mtume (S.A.W) aliagiza mtu akijue vizuri chombo chake na kifungo chake, kisha akitangaze mwaka mzima. Na hata ingekuwa rikazi, ikipatikana katika ardhi inayomilikiwa huangaliwa mwenye ardhi, naye asipoidai anaulizwa aliyemwuzia, kisha aliyemwuzia huyo, kurudi nyuma hadi wa kwanza. Mashine haimo katika mlolongo huo kabisa.

Akatukumbusha pia kisa kilichomo katika Bukhari na Muslim, cha mtu aliyenunua ardhi akakuta mtungi wa dhahabu. Akamrudishia mwuzaji, akisema alinunua ardhi, hakununua dhahabu. Mwuzaji akakataa, akisema aliuza ardhi na vilivyomo. Wakaenda kwa hakimu, kila mmoja anamsukumia mwenzake! Hakimu akawaozesha watoto wao, kijana wa huyu na binti wa yule, mali itumike kwao na sadaka itolewe. Ami alicheka hapo, mara ya kwanza wiki nzima.

Msomaji wa pwani anaweza kuuliza: na zile za kwetu za karne nyingi? Hata huko usiharakishe. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2000, ndogo ndogo, zina majina ya watawala Waislamu wa pwani hii. Ukale peke yake haufanyi kitu kuwa rikazi. Na kuna sheria ya nchi pia. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 inasema kitu cha kale kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, kikiwa ardhini, ni mali ya Serikali. Kwenda kuvitafuta kwa kuchimba kunahitaji leseni, na ukikuta kwa bahati unatakiwa kutoa habari ndani ya siku saba. Vijana mnaotembea na mashine usiku kwenye magofu, hilo mlijue. Zetu zote isipokuwa zile mbili za Victoria ni za baadaye. Picha za zote zimepelekwa Makumbusho ya Kisumu.

Hati ya mauzo ya 1972 tuliikuta kwenye sanduku la nyanya. Babu alinunua kwa mtoto wa mwenye duka wa zamani, na duka lilikuwepo papo hapo tangu zamani za rupia. Huyo mtoto naye amekufa. Tukauliza misikitini, tukatangaza sokoni kwamba kuna mali imepatikana bila kusema ni nini, na baada ya Idi tukaambiwa binti yake yuko Keroka. Mimi na ami tukapanda matatu.

Ni bibi mtu mzima, macho hayaoni vizuri. Ami akamsalimu, akamwambia tumekuta kitu katika uwanja wa babu yake. Hakusema pesa. Ustadh alituonya: mwacheni yeye ataje alama. Bibi alinyamaza sana, kisha akasema mama yake alikuwa akizungumza habari ya mkebe, lakini yeye alidhani ni maneno ya wazee. Halafu akauliza, "Zimo zenye tundu? Za kutunga?"

Ami alinitazama.

Njiani kurudi akasema senti za tundu enzi hizo kila mtu alikuwa nazo, si ushahidi kamili. Ni kweli. Lakini mkebe je? Bibi mwenyewe hakudai. Alisema ana kaka wawili Mwanza, hawezi kupokea kitu cha babu yao bila wao, na kwamba tumalize mwaka wetu wa kutangaza. Mwaka unatimia Shawwal hii. Binamu bado ananung'unika kidogo kuhusu betri za mashine, na ami ameahidi kumlipa hizo betri.

Rupia ziko kwenye kabati la mama, ndani ya mfuko wa mchele, zote 26.